Mbegu za Mzee Ramadhani Zilikuwa Hai

Kwenu maafisa kilimo mliobaki ofisini,

Hafla yenu ya kuniaga ilikuwa ya heshima, na naanza kwa kushukuru. Pilau ilitosha. Nilizawadiwa saa kubwa ya ukutani, mtu ambaye sasa sina tena pa kuwahi. Kisha akasimama mwenzenu mmoja, kijana mwenye kipaji cha kuchekesha, akasimulia kisa cha "Mzee Mchemsho wa Majengo", mfanyabiashara aliyechemsha mbegu ya mpunga ili wakulima wakikosa mavuno warudi kununua tena. "Na mzee wetu huyu," akamalizia akininyooshea kidole, "ndiye aliyemkamata!" Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Nilisimama ili nisahihishe. Mshereheshaji alidhani nimesimama kucheza, akaongeza muziki.

Sikucheza. Nasahihisha hapa, kwa maandishi, mahali ambapo muziki hauongezwi. Mzee Ramadhani, ndiye huyo mnayemwita Mchemsho, hakuchemsha mbegu. Sikumkamata. Kitu pekee kilichokamatwa katika kisa kile ni gari letu, nalo lilikamatwa na tope la Kibaoni. Lakini ili mwelewe kwa nini niliamini mbegu zile zilikuwa hai wakati mji mzima ulisema zimekufa, sina budi kuanzia nyuma, kwenye sahani ya bati.

Siku yangu ya kwanza Mpanda nilipokelewa na Bibi shamba Adelina, mama wa Kifipa aliyekuwa ameifanya kazi hii tangu mimi nikiwa darasani. Alinitazama kuanzia chini.

"Viatu vizuri, mwanangu. Hivyo ni vya kanisani. Vya shamba viko wapi?"

Nilimwambia ndivyo hivyo hivyo. Akaguna, akanikabidhi sahani ya bati iliyobanduka rangi, kipande cha kanga kuukuu na konzi ya maharage. "Otesha," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nilidhani ananipumbaza kwa kuwa mgeni. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinipa kazi yote kwa mkupuo mmoja. Kila asubuhi nilikifungua kitambaa kile chenye unyevu mbele yake na kueleza ninachokiona. Kwanza ngozi ya haragwe hujikunja kama ngozi ya bibi kizee. Halafu punje hunywa maji mpaka ngozi inakaza na kung'aa. Kisha hupasuka pembeni, na kwenye ufa huo hutokeza ncha nyeupe. Mimi nilitarajia jani. Lilikuja lini? Baadaye sana. Mzizi ndio hutangulia.

"Jani ni la kuonekana," Bibi shamba aliniambia. "Mzizi ni wa kuishi. Watu wengi huanza na jani."

Siku moja aliigeuza sahani nzima, mizizi ikaelekea juu. Tulipofungua tena, kila mzizi ulikuwa umepinda na kurudi kutafuta chini. Alifurahi kana kwamba anaona jambo hilo kwa mara ya kwanza, ingawa nina hakika alilionyesha kwa kila mgeni aliyepita ofisini pale. "Umeona? Hata uigeuze, chini inapajua. Sisi ukitugeuza mara moja tu tunapotea."

Ni yeye aliyenifundisha kwamba mbegu kavu haijafa, imelala. Ina kiini tete chake ndani na akiba ya chakula kando yake, kama msafiri aliyelala na kapu lake. Ikipata maji huamka na kuanza kuila akiba hiyo, na haina kingine cha kula mpaka jani lione jua. Ndiyo maana mbegu iliyofukiwa chini mno hufia njiani: kapu limekwisha kabla safari haijakwisha. Inataka maji. Inataka hewa, kwa maana nayo inapumua, na ikizamishwa muda mrefu hukosa pumzi kama mtu. Na inataka joto la kiasi. Neno hilo la mwisho alilitamka polepole. "Kiasi, mwanangu. Wakulima hawalisikii, na wakubwa hawalipendi."

Alikuwa na sheria moja tu ya ofisi, ambayo haikuandikwa popote: usiandike kwamba mbegu imekufa kabla hujaipa maji.

Tulizunguka pamoja misimu mingi. Nakumbuka vitalu vya tumbaku, ambako mbegu ni laini kama ugoro, huwezi hata kuifunika kwa udongo. Huchanganywa na maji kwenye keni ya kumwagilia na kunyunyizwa kama mtu anayebariki. Nakumbuka mzee mmoja wa makazi ya Katumba, mwenye asili ya Burundi, mkulima hodari mpaka majirani walimwonea kijicho. Msimu mmoja maharage yake yaligoma kuota, akapanda tena, yakagoma tena, na maneno ya uchawi yakaanza kupita kwenye ua wake. Bibi shamba alipiga magoti kwenye mstari wa shamba, akafukua, akaona mashimo matupu na alama za miguu ya ndege.

"Mbegu yako nzima, baba," akamwambia. "Na ugonjwa wa shamba hili, ukiukamata, unaliwa na ugali."

Walikuwa kanga. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Aliyekuwa akitajwa kwa uchawi, jirani yake wa upande wa pili, alicheka zaidi.

Na nakumbuka Ikola, kule ziwani, ambako mahindi ya mama mmoja hayakuota hata punje. Alikuwa ameyahifadhi vizuri, pakavu, mbali na panya. Ila gunia lenyewe lilikuwa limetumika kubebea dagaa wa chumvi. Chumvi huizuia mbegu isinywe maji. Bibi shamba alilinusa gunia lile kisha akanipa nami ninuse, kwa sababu alitaka mimi pia nirudi Mpanda nanuka dagaa.

Alipostaafu aliniachia sahani na bambo lake. Nyie mna vifaa vipya, kwa hiyo naeleza: bambo ni kile chuma chenye mfereji, chenye ncha, unachokichoma kwenye gunia lililoshonwa kikakutolea punje za katikati bila kulifungua. Mfanyabiashara mjanja hupanga nafaka nzuri juu. Bambo halidanganywi na cha juu.

Sasa nafika Majengo.

Mzee Ramadhani alikuwa na duka la kona katika mtaa huo wa Mpanda: sukari, mafuta, sabuni, kanga, na kila msimu, mbegu. Baba yake alitokea Ujiji, mama yake alikuwa Mkonongo, na yeye alisema asili yake ni kaunta. Alikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa muuzaji mwingine yeyote katika miaka yangu yote. Kila mzigo wa mbegu ulipoingia, alichota punje, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akaweka sahani juu ya kaunta kati ya mizani na mtungi wa peremende. Mpaka ziote, hauzi. Mteja akija na pesa mkononi, anaambiwa, "Kaa, kunywa kahawa. Bado hazijaniambia kitu." Desturi hiyo aliitoa kwa Bibi shamba Adelina, na wote wawili waligombana kwa miaka ni nani aliyemfundisha nani.

Msimu ninaouzungumzia mvua zilichelewa. Wakulima wa mpunga wa Mpimbwe walisubiri, na zilipoanza, kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kuotesha mbegu aliyoinunua Majengo. Ndipo asubuhi moja pikipiki zikajaa mbele ya duka la Mzee Ramadhani, zimetoka Majimoto, kijiji cha huko Mpimbwe. Aliyewaongoza ni Masanja, Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wengi, mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita kundi kutoka ng'ambo ya mbuga. Alibeba kiroba begani. Akakimimina barazani.

Ulimwagika mpunga uliolowekwa, umelegea, umefifia, unanuka kama wali uliolala.

"Mwenye duka! Toka uone ubwabwa wako!"

Mzee Ramadhani alitoka, akainama, akaugusa. "Bwana Masanja, huu umeiva."

"Umeiva kwa nani? Umechemsha mbegu, ukatuuzia mizoga!"

"Mimi nichemshe mpunga," alisema Mzee Ramadhani, "halafu nisiule?"

Baadhi ya watu walicheka, na hilo halikumsaidia. Kabla jua halijafika kati, neno "Mchemsho" lilikuwa limeshapandishwa kwenye pikipiki. Mkubwa wangu wa wakati huo, ambaye simtaji kwa kuwa hayupo kujitetea, aliniita. Amri ya kufunga duka ilikuwa tayari mezani kwake. Kilichokosekana ni taarifa ya mtaalamu, yaani mimi.

"Andika zimekufa. Si umeziona?"

"Kwamba zimekufa, nimeona," nilimjibu. "Kwamba zilifia Majengo, sijaona."

Alinipa muda mfupi. Nilichukua bambo, nikachoma magunia yaliyobaki dukani, ya mzigo ule ule, nikaziweka punje kwenye sahani ya Bibi shamba. Ziliota karibu zote. Niliwaita wakulima wazione.

Masanja hakutikisika. "Hizo ni za kuonyesha watu wa ofisini. Sisi alituchagulia zetu."

Nakiri pingamizi lile lilikuwa halali, nami napenda pingamizi halali. Nikamwambia aingie stoo mwenyewe, achague gunia lolote lililoshonwa, alibebe mwenyewe, twende nalo Majimoto tukafanye kila kitu kama walivyofanya wao. Alichagua la chini kabisa, akawalazimisha wapagazi kushusha yote ya juu. Kwenye gari alilikalia. Mzee Ramadhani naye alipanda, na kanzu yake na kofia yake, ingawa mkubwa wangu alimwonya kwamba huko hana rafiki.

"Ninakwenda kuona mbegu zangu," alisema. "Rafiki nitamkuta au nitarudi bila yeye."

Tulivuka Sitalike salama. Kibaoni gari lilizama. Tukashuka wote kwenye tope, mtuhumiwa na washitaki bega kwa bega.

"Tia nguvu, mwizi!" Masanja alimfokea.

"Natia, mteja!" alijibu Mzee Ramadhani, kanzu yote imekuwa rangi ya barabara.

Tulipofika nilisema maneno machache tu: "Fanyeni kama mlivyofanya." Nilikuwa nimekwisha kuwahoji mjini, mmoja mmoja, juu ya kuhifadhi, kuloweka, kuchuja na kufunika. Wote walijibu sawasawa. Hakuna aliyetaja maji yenyewe. Mtu wa Majimoto hakuambii kwamba maji yake ni ya moto, kama mtu wa Ikola asivyokuambia kwamba ziwa limelowa.

Wapimbwe wa pale wana desturi ya siku nyingi. Msimu ukichelewa, hawaloweki mpunga kwenye maji ya kisima. Huupeleka kwenye mkondo wa chemchemi ya moto, mbali, kule mkiani ambako maji yamepoa yakawa vuguvugu. Mbegu huamka upesi pale. Ni ujuzi mzuri, na nimeushuhudia. Masanja alijitwika gunia, akashuka kwenye mkondo. Akafika mkiani, mahali wanawake walipokuwa wakifua. Hakusimama. Akapandisha kuelekea kwenye jicho la chemchemi, ambako mvuke unatoka na mkono wa mtu hauvumilii.

Mama mmoja wa Kipimbwe, Mama Anastazia, aliinua uso kutoka kwenye nguo zake.

"We shemeji Masanja! Unaotesha au unapika?"

"Nina haraka, mama. Mvua zimeniacha."

"Sasa mbona mboga hujaleta?"

Wanawake waliangua kicheko. Masanja aligeuka na gunia lake kichwani. "Si nyie wenyewe mlionifundisha? Mlisema maji moto yanaamsha mpunga!"

"Tulisema vuguvugu! Hapa, tunapofulia! Huko jichoni sisi tunanyonyolea kuku!"

Kicheko kilikatika chenyewe, kwa maana wakulima waliokuwa nyuma yangu walikuwa wameanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa amemfuata Masanja jichoni. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ng'ombe. Alikokwenda yeye, wengine walikwenda. Naye aliwaza kwa hesabu iliyo rahisi: ikiwa vuguvugu huharakisha, moto utaharakisha zaidi. Kiasi, mwanangu, alisema Bibi shamba.

Hata hivyo sikuandika neno. Niliomba gunia ligawanywe, nusu iende jichoni, nusu ibaki mkiani, na zote azishughulikie Masanja kwa mikono yake. Tukasubiri kijijini. Zilipokwisha kulowekwa na kufunikwa ipasavyo, tulizifunua mbele ya wote. Za jichoni zilikuwa wali uliolala. Za mkiani zilikuwa zimepasuka, kila punje na ncha yake nyeupe, kama meno ya mtoto anayeanza kuota. Mzee Ramadhani alichukua moja iliyoota, akaiweka kwenye kiganja cha Masanja.

Masanja aliigeuza kwa kidole. "Basi," akasema. Akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe wake.

Duka halikufungwa. Taarifa yangu iliingia kwenye jalada, ikakaa humo. Lakini majalada hayapandi pikipiki. "Mzee Mchemsho" lilikuwa limekwisha kufika Usevya na Inyonga, na "basi" ya Masanja haikufika hata Kibaoni. Msimu uliofuata nilikuta kaunta ina mizani na mtungi wa peremende, na katikati yao hapana kitu.

"Sahani iko wapi, Mzee?"

"Nimeipumzisha, bwana shamba. Nitauza sukari. Sukari hakuna anayeiuliza kama iko hai."

Nilimsihi sana. Alinimiminia kahawa na kuniuliza habari za Bibi shamba. Kuanzia hapo wakulima wengi walinunua mbegu kwa wachuuzi wa barabarani, ambao hawana kaunta wala kona ya kurudiwa, na nyie mnajua wenyewe ni kesi ngapi kama hizo zimewapitia mezani. Mzee Ramadhani alifariki akiwa muuza sukari.

Asubuhi baada ya hafla yenu nilikwenda dukani. Binti yake, Zuhura, ndiye mwenye duka sasa. Nilimweleza kilichosemwa ukumbini, kwa kuwa niliona ni vyema alisikie kwangu kuliko kwa jirani.

"Baba walimwita hivyo akawa anacheka," alisema. "Mimi nilipigana shuleni."

Nikamwambia nitaandika. Alitikisa kichwa kwa adabu. "Andika, baba. Lakini watasema ulikuwa rafiki yake, na ni kweli ulikuwa rafiki yake. Bora angesema mwenyewe aliyechemsha."

Basi nikaenda Majimoto, kwa nauli yangu. Masanja amezeeka, sauti imebaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini siku ile nilisema basi."

"Haikusikika Majengo."

"Wewe umeshastaafu, bwana shamba. Kazi hii bado ni yako?"

"Ndiyo iliyobaki."

Hakuniahidi kitu. Nilirudi nikiwa na hakika nimepoteza nauli bure. Wiki hiyo hiyo, saa ambayo Majengo imejaa watu, pikipiki ilisimama mbele ya duka. Masanja akashuka taratibu, akasimama barazani pale pale alipomimina mpunga.

"Nyie watu wa Majengo!" Mtaa mzima uligeuka. "Mnaniona? Mimi ni Masanja wa Majimoto. Mpunga wa marehemu Ramadhani niliuchemsha mimi, kwenye jicho la maji moto, kwa haraka zangu. Mbegu zake zilikuwa hai. Mwenye kutaka kumwita mtu Mchemsho, aniite mimi!"

Kisha muuza vocha wa ng'ambo akapaza sauti: "Karibu mjini, Mzee Mchemsho!"

"Asante!" alinguruma Masanja, nao mtaa ukacheka, lakini kwa namna nyingine. Akaigeukia kaunta. "Haya, mwanangu. Nipe mbegu ya mpunga."

"Hatuuzi mbegu, mzee," alisema Zuhura.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja mara ya kwanza."

Masanja alivua kofia. Zuhura akaingia stoo. Alirudi na sahani ya baba yake, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaiweka kati ya mizani na mtungi wa peremende.

"Nitaagiza," alisema. "Ila hutaondoka nazo mpaka ziote hapa."

Mzigo umekwisha kufika. Saa mliyonizawadia nimeitundika dukani humo, juu ya magunia, ambako angalau wateja wanaitazama. Mimi hupita asubuhi kulowesha kitambaa. Masanja amefikia kwa jamaa zake hapa mjini, na kila siku anakuja kukaa kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi. Leo nilipoingia nilimkuta amesimama kwenye kaunta, kidole chake kimeshika pindo la kitambaa, anataka kuchungulia.

"Mzee," alisema Zuhura bila kuinua macho kutoka kwenye mizani, "usiziharakishe."

Masanja akarudisha mkono, akaenda kukaa.